Mji uliopakwa rangi na watu wasiowahi kuuona

Cha kwanza ninachoangalia kwenye postikadi ya zamani ya mji wa Unguja ni mbingu. Siangalii jumba wala bandari, naanzia juu kabisa, pale buluu inapoanza halafu inafifia, inafifia, mpaka inakuwa njano hivi, na chini ikikaribia mapaa inageuka pinki laini ambayo mtu yeyote aliyekulia pwani atakwambia hajawahi kuiona saa saba mchana. Na huku chini vivuli vya watu vimejikusanya miguuni, yaani jua liko utosini, mchana kweupe, lakini juu mtu kaweka alfajiri. Mi hapo ndo nanasa, naweza kukaa na kadi moja mpaka chai inapoa.

Naongelea zile kadi za kuanzia 1900 hivi mpaka vita ya kwanza ya dunia. Picha yenyewe ni ya kawaida, nyeusi na nyeupe, imepigwa kwa kamera kubwa ya miguu mitatu, halafu rangi zimekuja kutiwa baadae kiwandani, mbali kabisa na mji wenyewe. Watu wengi wakiziona wanasema "picha za rangi za zamani" na wanapita. Sio picha za rangi. Ni nusu picha na nusu mchoro, na hiyo nusu ya pili imefanywa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mitaa ya Unguja kama Shangani au Malindi, hajui joto la Machi, hajui kaskazi wala kusi, kapewa tu kipande cha kioo chenye mji wa watu na kaambiwa upake.

Hiyo mbingu ina sababu yake na mi nilipoijua ndo nikazidi kuzipenda hizi kadi. Sahani za kioo walizokuwa wanapigia picha wakati ule zilikuwa na ugonjwa mmoja, zinaona buluu kupita kiasi na nyekundu haziioni kabisa. Sasa mbingu ya buluu inapiga kwenye sahani kwa nguvu mpaka inatoka nyeupe tupu, hakuna wingu, hakuna chochote, nafasi wazi. Kwa hiyo fundi wa rangi akiletewa picha ya mji, theluthi ya karatasi, saa nyingine nusu, ni pengo. Kwenye majengo na mitaa hawezi kujitanua sana kwa sababu picha inambana, dirisha liko pale lilipo, lakini juu huko amepewa uhuru wote, na ndo huko alikochora. Ukitaka kujua mkono wa mchoraji angalia mbingu.

Na nyekundu ndo kinyume chake, kwenye sahani inatoka nyeusi. Fikiria maana yake kwa mji wetu. Kanga nyekundu na kanga nyeusi zinatoka sawasawa, giza. Nguo ya buluu hafifu inatoka nyeupe kama kanzu. Fundi anaona mwanamke aliyejifunga kitu cheusi, hana njia ya kujua, anaamua. Saa nyingine mpiga picha au mchapishaji alituma maelezo, ukuta huu rangi hii, bendera rangi ile (ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, hiyo wengi waliipatia), lakini pale ambapo hakuna maelezo mtu anatumia kichwa chake. Na kichwa chake kimejaa rangi za kwao.

Kwa upande wa Unguja waliopiga nyingi ya hizi picha walikuwa Wagoa, watu wenye asili ya Goa kule India. A. C. Gomes alifungua studio yake mjini tangu miaka ya 1860 na biashara ikaendelea na mwanawe, jina lao utalikuta limechapwa pembeni ya kadi kwa herufi ndogo ndogo, na kuna Pereira de Lord, na kuna ndugu wa Coutinho. Hawa mji waliujua. Walijua saa ngapi jua linaingia kwenye kichochoro chembamba na linakaa dakika ngapi, walijua wasimame wapi ili ngazi, mlango na mtu aliyepumzika barazani viingie pamoja, na hilo unaliona kwenye mpangilio wa picha zao, hawakuwa watu wa kubahatisha. Lakini kuchapa kadi za rangi kwa maelfu ilikuwa kazi ya viwanda vya Ulaya, na bingwa wa dunia nzima kwenye hiyo kazi mpaka 1914 alikuwa Mjerumani, miji kama Dresden, Leipzig na Berlin ilikuwa inachapa mpaka kadi za Waingereza na Wamarekani. Kwa hiyo picha inapigwa na mtu wa Shangani, inapanda meli, inapakwa rangi Ulaya, inapanda meli tena kurudi, inauzwa Unguja kwa msafiri anayeshuka kutwa moja, na msafiri anaituma Ulaya. Safari yote hiyo kwa kikaratasi cha sentimita 9 kwa 14!

Namna ya kuchapa nayo ina mchango wake kwenye huo uzuri. Kadi nyingi nzuri za wakati ule picha yake imechapwa kwa kolotaipu, yaani kioo kinene kinapakwa jelatini yenye dawa inayoshika mwanga, jelatini inajikunja mikunjo midogo sana, na wino unashika kwenye ile mikunjo. Ndo maana ukiikuza huoni vidoti vilivyopangwa mistari kama vya gazeti, unaona chengachenga zisizo na mpangilio, na giza linaingia kwenye mwanga taratibu bila mpaka. Halafu juu yake ndo zinakuja rangi, jiwe moja la kuchapia kwa rangi moja, nne au tano basi, au kwingine kwa mkono, karatasi zilizokatwa matundu, brashi inapita, na waliokaa kwenye hizo meza mara nyingi walikuwa wanawake, kadi baada ya kadi, kutwa nzima. Majina yao hayapo popote kwenye kadi. La mpiga picha lipo, la mwenye duka lipo, la yule aliyeamua kuwa bahari ya Unguja ni kijani cha mnanaa halipo, na kwangu mimi yule ndo msanii wa hiyo kadi.

Na kwa kuwa ni rangi nne tano tu, lazima zifanye kazi mara mbili. Njano iliyopakwa ukutani ndo hiyohiyo ikikutana na buluu ya bahari inazaa kijani cha minazi. Pinki ya mbinguni inateremka mpaka kwenye vumbi la barabara. Hivyo kadi nzima inashikana, kila kitu kina undugu na kingine, mji unakaa kama umeoshwa na maji ya rangi moja. Wachoraji wa rangi za maji wanasoma miaka kulipata hilo, hapa limekuja kwa ubahili wa kiwanda. Halafu kuna pale jiwe liliposogea kidogo wakati wa kuchapa, rangi ikakosa mahali pake, askari amesimama mlangoni na wekundu wa tarbushi lake umekaa pembeni ya kichwa unaelea peke yake hewani. Wakusanyaji wengine hizo wanazitupa wanasema mbovu. Mi hizo ndo nazitafuta, maana hapo ndo unaziona zile tabaka mbili zimeachana, mtu kweli aliyesimama pale siku ile, na rangi ya mtu mwingine inayomtafuta.

Basi tuje kwenye Beit al-Ajaib, kwa sababu kadi za Unguja bila Beit al-Ajaib hazihesabiki. Jumba alilijenga Sultani Barghash 1883, na zamani lilikuwa na mnara umesimama peke yake mbele, upande wa bahari. Mnara ule ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, ile vita iliyokwisha chini ya saa moja na ikaondoka na jumba la Beit al-Hukm lililokuwa jirani, na mnara mwingine wa saa ukaja kujengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba. Kwa hiyo hata kama kadi haina tarehe unaweza kuisoma, mnara ukiwa mbali na jumba picha ni ya kabla, mnara ukiwa umeshikamana na baraza ni baada. Kadi za rangi karibu zote ni za baada. Na katika hizo jumba limepakwa kila aina, kuna ya rangi ya maziwa, kuna pinki, kuna moja nimeiona ina nguzo za kijivu cha buluu na baraza zimetiwa kivuli cha zambarau mpaka jumba zima linaonekana jepesi, linataka kuondoka na upepo.

Siku ya Krismasi 2020 sehemu ya mbele ikaanguka, na mnara wa saa nao ukaenda, na watu wawili wakapoteza maisha. Wiki ile kila mtu alikuwa anarusha picha kwenye magrupu, na nilichokiona ni kwamba watu hawakurusha sana picha za simu za mwaka juzi ambazo kila mtu anazo, walirusha zile kadi. Mi mwenyewe nilirusha. Sidhani ni kwa sababu zinaonesha jumba vizuri zaidi, za simu zinaonesha kila ufa. Ila kadi zinaonesha jumba kama vile mtu alilipenda, amekaa chini akachagua rangi ya kila baraza, na siku ya msiba mtu anatafuta picha aliyopendeza marehemu.

Kadi ninayoipenda kuliko zote lakini sio ya jumba. Ni ya treni ya Bububu. Hii reli ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ikaanza kazi 1905, kama maili saba kutoka karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, na mjini ilikuwa inapita katikati ya mtaa mwembamba kiasi kwamba mtu ndani ya behewa angeweza kunyoosha mkono akachukua kitu dukani. Miaka ya 1920 abiria wakawa hawana treni tena na leo ukimwambia kijana wa mjini kwamba hapa treni ilipita anakuangalia tu. Kwenye kadi injini ni nyeusi, haikutiwa rangi, na moshi haukutiwa rangi, lakini fundi kachukua pinki ya mbinguni akaipitisha juu ya kuta za upande mmoja wa mtaa, upande wa pili akauacha mkavu, kijivu cha picha kama kilivyo. Kwa hiyo nusu ya mtaa iko hai kwa rangi na nusu iko kwenye picha tu. Sijui kama alikuwa na haraka au alifanya makusudi, lakini matokeo yake jicho linaingia mtaani kwa upande wa pinki na linatokea upande wa kijivu, na treni inabaki katikati.

Hiyo kadi niliwahi kumuonesha bibi yangu kwenye simu, mama yake mama, amezaliwa na kukulia Malindi. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikamkuzia picha kwa vidole. Akavaa miwani akaangalia sana, halafu akaniambia, "Mume wangu, huo ukuta nani kautia sharubati? Zile zilikuwa chokaa tupu, zikinyeshewa mvua zinakuwa nyeusi chini." Nikacheka, nikamuonesha nyingine, ya watu sokoni. "Na hawa wanawake kanga zao ziko wapi? Wamewavisha mashuka." Na kweli. Ndo jambo ambalo mimi kwa kupenda mbingu nilikuwa nalipita. Kanga yenye mji wake (ule uwanja wa katikati) na pindo lake, kitu ambacho mwanamke wa Unguja alikwenda kukichagua dukani kwa makini, fundi kule kiwandani kaifunika kwa buluu moja, nyekundu moja, kwisha. Mikono yake ilikuwa na uvumilivu wa kupaka wingu lakini sio wa kupaka kanga.

Tena hapo kanga ni dogo. Kuna kadi nyingine za wakati huohuo ambazo sio za miji, ni za watu, wanawake waliosimamishwa mbele ya kamera wakaandikiwa chini maneno ya kuwatangaza kama bidhaa, wafungwa waliofungwa minyororo shingoni wakauzwa kama kumbukumbu ya safari. Hizo zina rangi nzuri vilevile, mbingu ileile, na ngozi za watu wote zimepakwa hudhurungi moja bila kujali nani ni nani. Mi sizikusanyi na sizirushi. Lakini lazima zitajwe, kwa sababu ni duka lilelile na wino uleule, na mtu anayesifia kadi za mitaa halafu anajifanya hizi hazikuwepo hajaziangalia kadi.

Bibi naye alinitolea picha yake siku hiyohiyo. Ya studio, miaka ya hamsini mwishoni, nyeusi na nyeupe, imetiwa rangi kwa mkono, midomo myekundu, mashavu yana waridi kidogo, gauni kijani. Studio za mjini zilikuwa zinafanya hivyo, pamba kidogo kwenye kijiti na rangi za mafuta, na ulikuwa unaulizwa unataka rangi gani. Nikamuuliza gauni lilikuwa kijani kweli? Akasema hapana, lilikuwa jeupe, la kuazima, ila kijani ndo alilokuwa analitaka, basi akamwambia yule bwana alitie kijani na likawa kijani.

Nimeifikiria sana hiyo. Kwa sababu kwenye kadi za mji hakuna aliyetuuliza, na kwenye picha ya bibi aliulizwa yeye mwenyewe, na bado zote mbili zimesema uongo uleule mtamu, zimeonesha kilichotakiwa badala ya kilichokuwepo. Tofauti ni kutakiwa na nani. Kijani cha bibi ni cha bibi. Pinki ya ukuta wa Malindi ni ya mtu wa Saxony kule Ujerumani aliyekuwa anaota nchi ya joto katikati ya baridi yake. Zote nazipenda lakini sio kwa namna moja.

Dar ina kadi zake, za enzi ya Wajerumani, nyingi zimetoka kwa Carl Vincenti aliyekuwa na biashara ya picha mjini, zimeandikwa Daressalam kwa neno moja. Kuna ule mtaa waliouita Unter den Akazien, ambao ndo Samora ya leo, umepangwa miti pande zote mbili, mtaa mweupe, kimya, hakuna hata bodaboda moja bila shaka, na kijani cha ile miti kimepakwa kizito, cha msitu wa Ulaya kabisa. Kwa ufundi ni kadi safi sana, safi kuliko za Unguja. Mi zinanipooza kidogo, mji umepangwa mno, na fundi naye akaufuata. Mombasa ni hadithi nyingine, kule kuna vile vitoroli vya kusukumwa juu ya reli nyembamba, bwana mkubwa kakaa juu chini ya kiturubai na watu wanasukuma nyuma, na kila kadi kiturubai kina rangi yake mpya, na waliosukuma wamevalishwa nguo rangi moja hata kama siku ile hawakuvaa hivyo.

Sio sisi tu tuliopakwa. Huko Zürich walikuwa na njia yao inaitwa photochrom, aliyeigundua ni Hans Jakob Schmid miaka ya 1880, mawe sita, kumi, saa nyingine zaidi ya kumi na nne kwa picha moja, na Venice na Algiers na Cairo zimetoka humo zinang'aa mpaka unasahau kuwa ni rangi za kubuni. Chicago kulikuwa na Curt Teich, mhamiaji wa Kijerumani, yeye kwenye miaka ya 1930 alileta kadi zenye ngozi ya kitambaa, rangi kali, na mteja alikuwa anaweza kuagiza nguzo za umeme zifutwe. Na kila mahali kulikuwa na ujanja wa usiku, unachukua picha ya mchana, unaizamisha kwenye buluu nzito, unatia mwezi, unapaka madirisha njano, tayari mji umelala. Ukiangalia chini vivuli vya jua bado vipo barabarani. Hizo za usiku nazipenda sana.

Siku hizi kuna apu za kutia rangi picha za kale, unaiingiza, sekunde mbili imetoka. Nimeziona za Unguja zilizopitishwa humo na kwa kweli sizitaki. Apu ikikosa kujua inaweka hudhurungi, kila ukuta udongo, kila nguo udongo, mbingu ya buluu iliyochoka, haithubutu. Yule mama wa kiwandani naye hakujua, lakini alithubutu, akaweka mnanaa baharini na alfajiri saa saba mchana, na kosa lake lina mtu ndani yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaofikiria kuijenga Beit al-Ajaib irudi kama ilivyokuwa, na nimeona watu wanazitoa hizi kadi kama ushahidi, ni kwamba zitumieni kuhesabu nguzo, kupima baraza, kuona mnara ulikaaje, hapo picha ya Gomes haidanganyi. Rangi waulizeni kina bibi. Na wewe uliye na kadi hizi nyumbani, kwenye kasha la babu au ndani ya msahafu wa zamani, usikimbilie kuziuza kwa mtalii. Iskani, na iskani pande zote mbili, watu wanasahau upande wa nyuma. Mgongo ukiwa wa anwani tupu, hauna mstari wa kuugawa, ujue ni ya zamani sana, maana Uingereza iliruhusu kuandika salamu nyuma 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907, kabla ya hapo mtu alikuwa anaandika mbele, juu ya picha yenyewe. Ndo maana kadi za mwanzo nyingi zina maneno mbinguni, pale palipokuwa peupe, mtu wa rangi alipoacha nafasi. Muhuri wa posta nao uskani vizuri, uonekane mji na mwaka, halafu kaa na mzee mmoja wa mtaani kwenu umuulize kuta zilikuwa rangi gani, uandike anavyosema, na jina la mtaa kama yeye anavyoliita.